UDOGO WA NCHI SI UDOGO WA HAKI

Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika mkutano wa tawi. Wengi waliohudhuria, na wengine waliokosa nafasi ukumbini, wametuomba tuipige chapa. Tunaitoa yote kama ilivyosomwa.



Nimetakiwa niseme juu ya nchi zilizo ndogo kuliko zote duniani. Najua wapo wanaojiuliza moyoni, haya yatufaa nini sisi? Tuna mashamba ya kulima na shule za kujenga. Visiwa vilivyo mwisho wa bahari vinatuhusu nini? Nami nitawajibu kwa swali. Ni nani katika sisi ambaye hajapata kuambiwa, "Ninyi ni wadogo mno, hamwezi"? Kijiji kimeambiwa hivyo, chama cha ushirika kimeambiwa hivyo, na mataifa mazima yameambiwa hivyo na watawala wao. Neno hilo limetumika kama kufuli mlangoni. Leo nataka tulifungue kufuli hilo tuone ndani ya nyumba mliwekwa nini.

KIPIMO CHA UKUBWA

Kwanza tupime. Nchi ndogo kuliko zote ni Vatican, makao ya Baba Mtakatifu, iliyomo ndani ya mji wa Roma. Haifiki hata nusu ya kilomita moja ya mraba, na udola wake ulithibitishwa kwa mapatano na Italia mwaka 1929. Ya pili ni Monaco, kwenye pwani ya kusini ya Ufaransa, yenye kilomita za mraba 2 tu. Iko San Marino, iliyozungukwa na Italia pande zote, kilomita za mraba 61. Iko Liechtenstein, katikati ya Uswisi na Austria, kilomita za mraba 160.

Nchi hizi nne ziko Ulaya. Liechtenstein iliingia katika Umoja wa Mataifa mwaka 1990, San Marino mwaka 1992, na Monaco mwaka 1993. Kila moja ina kura yake, na kura hiyo inahesabiwa moja, sawa na ya India au ya Marekani. Ndugu zangu, mimi sijapata kusikia mtu akiuliza kama watu wa Monaco wamekomaa kiasi cha kuweza kujitawala.

Basi sasa tutoke Ulaya, twende katika Bahari ya Pasifiki. Huko swali hilo liliulizwa, tena kwa miaka mingi, nalo liliulizwa juu ya kisiwa kinachoitwa Nauru.

Nauru ni ya tatu kwa udogo duniani, na kati ya jamhuri zote ndiyo ndogo kabisa. Ni kilomita za mraba 21, yaani kama maili za mraba 8. Kisiwa chetu cha Mafia kingeweza kuimeza Nauru mara 15 na nafasi ikabaki. Mtu akitoka alfajiri akaufuata ufuko kwa miguu, adhuhuri atakuwa amekwisha rudi pale alipoanzia. Iko peke yake, chini kidogo ya mstari wa Ikweta, na jirani yake wa karibu, kisiwa cha Banaba, yuko mbali kiasi cha kilomita 300. Wenyeji wake ni kabila 12, na ndiyo maana bendera yao ina nyota yenye ncha 12.

JIWE LA MLANGONI

Wajerumani waliitwaa Nauru mwaka 1888. Ndiyo miaka ile ile walipokuwa wakijitwalia Tanganyika. Wakati huo hawakujua kwamba kisiwa kile kina kitu cha thamani zaidi ya minazi. Lakini huko Sydney, katika ofisi ya kampuni moja ya biashara, palikuwa na jiwe kutoka Nauru lililowekwa kuzuia mlango usijifunge. Watu walidhani ni gogo la kale lililogeuka jiwe. Mwaka 1899 mtumishi wa kampuni ile, Albert Ellis, alilitilia shaka akalipima. Kumbe ni fosfeti, jiwe lile lisagwalo kuwa mbolea, tena fosfeti safi ya namna ya juu kabisa. Na kisiwa karibu chote kilikuwa kimejaa jiwe hilo.

Kufika mwaka 1907 meli zilikuwa zikipakia. Na mwenye shamba je, yule ambaye ardhi yake ilikuwa ikichukuliwa kwa koleo na toroli? Alilipwa nusu peni kwa kila tani. Nasema tena ili wazee walioko nyuma wasikie: nusu peni kwa tani nzima.

Vikaja vita vya mwaka 1914. Mjerumani akanyang'anywa makoloni yake, na Shirikisho la Mataifa likayagawa kwa washindi, likisema kwamba wanapewa kama amana, wawatunze wenyeji mpaka wakue. Tanganyika ikapewa Uingereza. Nauru ikapewa Uingereza, Australia na New Zealand kwa pamoja, na Australia ndiyo iliyoshika utawala. Serikali hizo tatu zilifanya mapatano mwaka 1919 wakaunda halmashauri ya fosfeti, wakagawana mafungu: Uingereza asilimia 42, Australia asilimia 42, New Zealand asilimia 16. Jumlisheni wenyewe. Mafungu hayo yanatimia mia, na humo hamna fungu la Mnauru.

Fosfeti ile ikauzwa kwa wakulima wa Australia na New Zealand kwa bei iliyo chini ya bei ya soko la dunia. Malisho yao yakastawi, kondoo wao wakanona. Ardhi ya Nauru ilihamia huko, tani baada ya tani, na nyuma yake zikabaki nguzo za mawe ya matumbawe, makali kama meno, ndefu kumpita mtu, mahali ambapo hapaoti muhogo wala mnazi. Leo sehemu kubwa ya kisiwa, karibu yote ya katikati, iko katika hali hiyo. Watu wengi wanaishi katika ukanda mwembamba wa pwani.

WATU WALIOKARIBIA KWISHA

Nataka mjue pia watu hawa walipita katika nini. Mwaka 1920 maradhi ya homa ya mafua yaliua karibu mmoja kati ya kila watano. Wazee wakasema, tukipungua zaidi taifa hili litakufa. Wakaweka shabaha kwamba lazima wafike watu 1,500. Mwaka 1932 alizaliwa mtoto wa kike aliyekamilisha hesabu hiyo, na siku ile, tarehe 26 Oktoba, ikawa sikukuu yao mpaka leo. Wanaiita Angam, maana yake kufika nyumbani.

Miaka kumi baadaye wakaja Wajapani. Waliiteka Nauru mwaka 1942. Mwaka uliofuata wagonjwa wa ukoma 39 walitiwa katika mashua wakazamishwa baharini. Wengine 1,200 walichukuliwa kwa nguvu mpaka visiwa vya Truk, mbali sana na kwao, wakafanyizwa kazi kwa njaa na maradhi. Vita vilipokwisha meli iliwarudisha 737. Waliteremka katika ardhi yao tarehe 31 Januari 1946. Mmoja katika waliorudi alikuwa mwalimu kijana wa shule, jina lake Hammer DeRoburt. Tarehe hiyo na jina hilo myashike, maana tutayarudia.

WAKUBWA NA WADOGO MEZA MOJA

Baada ya vita hivyo amana za zamani zikaitwa nchi za udhamini, chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Zilikuwa nchi 11. Kwa ukubwa wa nchi kavu, Tanganyika ilikuwa kubwa kuzipita zote, na Nauru ilikuwa ndogo kuzipita zote. Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya Baraza lile huko New York mwaka 1955 kudai haki ya watu wetu. Baraza hilo hilo ndilo lililopokea madai ya Wanauru.

Basi angalieni jambo la ajabu. Sisi tulikuwa wakubwa kupita wote, tukaambiwa bado kidogo, hamjawa tayari. Wao walikuwa wadogo kupita wote, wakaambiwa bado kidogo, hamtoshi. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, na udogo au ukubwa haukuwa na neno katika jambo hilo. Mwaka mmoja kabla yake, tarehe 14 Desemba 1960, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha tangaza kwamba upungufu wa matayarisho ya siasa, uchumi au elimu usifanywe kisingizio cha kuchelewesha uhuru wa watu.

KISIWA CHA KUBADILISHA

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo nawaomba mnisikilize vizuri.

Ilikwisha onekana kwamba fosfeti itakwisha, na kisiwa kitabaki mawe matupu. Watawala wakaleta shauri. Wakasema: hameni. Tutawapa kisiwa kingine, chenye udongo mzuri, kikubwa kuliko chenu mara nyingi, karibu na pwani ya Queensland. Kisiwa hicho kinaitwa Curtis. Mtajengewa nyumba, mtapewa kazi, mtakuwa raia wa Australia kama raia wengine, na mambo yenu madogo ya mji mtayaamua katika halmashauri yenu.

Ndugu zangu, msidhani lilikuwa jambo jepesi kukataa. Watu hawakufika hata elfu nne. Ardhi yao ilikuwa ikiliwa kila siku. Walikuwamo wazazi waliojiuliza watoto wao watalima wapi. DeRoburt, ambaye tangu mwaka 1956 alikuwa Chifu Mkuu wa halmashauri yao, alikwenda na wenzake wakakitazama kisiwa kile. Hawakukidharau. Walitoa swali moja tu: huko tutakuwa taifa, au tutakuwa wakazi? Wakaomba wahamie huko wakiwa watu wenye kujitawala, marafiki wa Australia kwa mkataba. Australia ikasema hapana, mamlaka ya nchi yatabaki kwetu.

Mwaka 1964 Wanauru wakakataa. Wakachagua mawe yao.

Wapo waliowacheka. Mtu anapewa shamba lenye rutuba analikataa, anang'ang'ania jabali! Lakini wahenga walisema, mtumai cha ndugu hufa maskini. Wanauru walikuwa wamekwisha pelekwa Truk mara moja bila ya kuulizwa. Walijua maana ya kuishi katika nchi ya mtu mwingine kwa hisani yake. Shamba bora lisilo na mamlaka yako, mwenyewe akibadili nia, umekwisha.

Wakarudi mezani na madai mawili: fosfeti iwe yetu, na nchi iwe yetu. Mwaka 1965 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka Nauru iwe huru si baada ya tarehe 31 Januari 1968. Watawala walijaribu kuyabakiza mambo ya nje na ulinzi mikononi mwao, Wanauru wakashikilia uhuru kamili. Mwaka 1967 walipatana kuinunua mitambo yote ya kuchimbia kwa dola milioni 21 za Australia, kulipwa kidogo kidogo. Walinunua, ndugu zangu, vyombo vilivyolinunulia jasho lao wenyewe.

Na tarehe 31 Januari 1968, miaka 22 kamili tangu wale 737 wateremke melini, bendera yao ilipandishwa. Wanauru wenyewe walikuwa kama 3,000 tu. Yule mwalimu wa shule akawa Rais wa kwanza.

UHURU ULIPOFIKA

Kama ningekomea hapo mngepiga makofi tukaenda nyumbani tukifurahi. Lakini nisingekuwa nimewatendea haki. Chama hakijengwi kwa kuambiana nusu ya habari.

Tangu mwaka 1970 fosfeti ilikuwa ya Nauru yenyewe. Fedha ziliingia kama mvua ya masika. Kwa hesabu ya mtu mmoja mmoja walikuwa katika matajiri wa dunia. Hawakulipa kodi, matibabu yalikuwa bure, vijana walisomeshwa ng'ambo kwa fedha za serikali. Walikuwa na shirika lao la ndege. Mwaka 1977 walifungua jumba la ghorofa 52 mjini Melbourne. Viliwekwa vifungu vya fedha kwa ajili ya siku ambayo jiwe litakwisha, jambo la busara kabisa.

Lakini fedha zile hazikutunzwa. Zilitumiwa katika biashara zisizo na faida, zikakopewa, zikatapanywa na washauri waliotoka mbali wenye maneno matamu. Mwaka 1993 fedha za Nauru zilitumika kuonyesha mchezo wa nyimbo huko London juu ya Leonardo da Vinci, na baada ya wiki chache mchezo ukafungwa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Mwaka 2004 jumba la Melbourne liliuzwa kwa madeni. Mwaka 2005 ndege yao ya mwisho ilikamatwa na wadai. Na kwa kuwa hapakuwa na ardhi ya kulima, watu walikuwa wamezoea chakula cha makopo na mchele wa meli, na maradhi ya sukari yakawaingia kwa wingi ambao nchi chache duniani zimeuona.

Nani alirudi mlangoni wakati huo wa dhiki? Mdhamini wa zamani. Mwaka 2001 Australia ilianza kupeleka Nauru watu waliokimbia nchi zao kwa mashua, wafungiwe huko wasifike kwake, na Nauru ikapewa fedha. Kambi hiyo ilifungwa mwaka 2008, ikafunguliwa tena mwaka 2012. Mwenye njaa hachagui mgeni.

MBELE YA MAHAKAMA

Hata hivyo, wasije wakasema wenye kutuchukia kwamba, "Mnaona? Tuliwaambia hawatoshi." Maana liko jambo jingine ambalo Nauru ililifanya, na lisingewezekana kama wangekwenda Curtis.

Tarehe 19 Mei 1989 kisiwa hiki cha kilomita za mraba 21 kiliishitaki Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague. Kilisema: mlipewa nchi yetu kama amana, mkaila, turudishieni ardhi mliyoiharibu kabla ya sisi kushika fosfeti. Australia ilitaka shauri lisisikilizwe. Mwaka 1992 Mahakama iliamua kwamba litasikilizwa. Kabla halijafika mwisho, mwaka 1993, Australia ilikubali kulipa dola zake milioni 107, na Uingereza na New Zealand zikaichangia.

Fikirini juu ya hilo. Mtaa katika mji wa Australia hauwezi kuishitaki serikali ya Australia The Hague. Mkoa hauwezi. Wakazi wa Curtis wasingeweza. Taifa linaweza, hata likiwa la watu elfu chache. Ndio uhuru huo. Haukuwapa Wanauru busara ya kutunza fedha, maana busara haishuki pamoja na bendera. Uliwapa mahali pa kusimama na kusema, mmetudhulumu, na wakubwa wakalazimika kujibu.

Tena, haki ya kuchagua ni pamoja na haki ya kusema bado. Iko nchi ya visiwa vitatu, Tokelau, iliyo chini ya New Zealand. Watu wake walipiga kura mwaka 2006, wakapiga tena mwaka 2007, kuamua kama wajitawale. Zilitakiwa theluthi mbili. Mara ya pili walipungukiwa na kura 16. Wakabaki walivyo. Hapana wa kuwalaumu, maana waliulizwa wao wenyewe, na wakajibu wao wenyewe.

TUNALOONDOKA NALO

Ndugu Mwenyekiti, nafika mwisho. Tumefungua kufuli, na tumeona ndani mliwekwa nini. Mliwekwa fosfeti. Mtu alipoiambia Nauru kwamba ni ndogo mno, mkono wake wa pili ulikuwa ukipakia meli. Kwa hiyo mkisikia neno hilo tena, likielekezwa kwenu au kwa wengine walio wanyonge kuliko ninyi, msianze kujipima urefu. Mtazameni msemaji mikononi.

La pili ni chungu zaidi, lakini tulimeze. Kile ambacho mgeni alikichukua kwa nusu peni, mwenyeji alikipoteza kwa kutoandika daftari. Mjukuu wa Mnauru akisimama leo juu ya zile nguzo za mawe hawezi kutofautisha ipi ilichimbwa enzi ya mgeni na ipi enzi ya babu yake. Mwaka 2015 wameanzisha mfuko mpya wa fedha kwa ajili ya vizazi vijavyo, na tunawaombea safari hii ulindwe. Na sisi, kila mmoja katika tawi lake, katika chama chake cha ushirika, katika halmashauri ya kijiji chake, tuulize kila mwaka bila haya: kilichotoka katika ardhi yetu kilikuwa kiasi gani, kilikwenda wapi, na hesabu iko kwa nani? Anayeuliza hesabu asiitwe mchochezi. Kama wangekuwapo wengi wa namna hiyo Nauru, na kama wangesikilizwa, lile jumba la Melbourne lingekuwa bado linalisha watoto wao.

Nchi ile ingali ipo. Ina Bunge lake lenye wajumbe 19, ina kiti chake New York tangu mwaka 1999, na kila tarehe 26 Oktoba watu wake husherehekea kwamba hawakwisha. Walikataa kubadilisha taifa kwa shamba. Tuwaheshimu kwa hilo, na tujifunze kwa lile walilokosea.

 Mwenye swali na aulize.